Diski Ikifa: Niliyojifunza Kuhusu Vyombo vya Kuhifadhia Data

Watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kuhariri sauti zilizorekodiwa, kazi inayojaza diski kila kukicha, huniuliza swali moja mara kwa mara: ni diski gani isiyoharibika? Huwajibu kwamba haipo, nao huonekana kuvunjika moyo, kwa kuwa walitarajia kutajiwa kampuni na ukubwa wa kununua. Nimeshuhudia diski nyingi zikifa, zangu na za watu walionikabidhi zao, na sasa nina hakika kwamba swali lenye manufaa ni jingine: chombo hiki kikifa kitakufa vipi, kitatoa dalili au kitakatika ghafla, na siku hiyo nitakuwa na nini mkononi? Kila aina ya chombo ina namna yake ya kufa, na mwenye kuifahamu mapema hujua anunue nini, akitumie kwa kazi gani na asikitegemee kwa jambo gani.

Diski iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya sahani zinazozunguka, ndani ya kompyuta ya mezani. Haikufa kwa kishindo. Faili za sauti zilizokuwa zikifunguka papo hapo zilianza kukawia, kompyuta ikawa inaganda kwa sekunde kadhaa huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa, kisha kazi ikaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Hapakutokea ujumbe wa hitilafu hata mmoja. Katika hatua hii watu wengi hushuku virusi, au hudhani mfumo endeshi umezeeka, wakaamua kuusimika upya juu ya diski ile ile, na mzigo huo wa kuandika ndio unaoimalizia nguvu. Mimi nilianza kwa kusoma ripoti ya SMART, ule utaratibu wa kujipima ulioanza kuwekwa ndani ya diski katika miaka ya 1990, ambao huweza kusomwa kwa programu za bure kama vile smartctl au CrystalDiskInfo.

Ripoti hiyo ina mistari mingi inayotisha bila sababu, na mingine isiyo na maana kwa mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo nimezoea kutazama michache. Mstari wa 5 huhesabu sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imezitelekeza na kuzibadilisha na za akiba. Mstari wa 197 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya, na mstari wa 198 huhesabu zile zilizoshindikana hata pale diski ilipojikagua yenyewe. Katika diski ile namba ya mstari wa 197 haikuwa sifuri, na nilipoirudia baadaye ilikuwa imepanda. Kupanda huko ndiko kulikoniamulia. Sekta chache zilizobadilishwa zamani na zikabaki pale pale zinaweza kuvumiliwa kwa muda, lakini namba inayokua ni diski inayokufa, hata kama programu imeiandikia neno “nzuri” kwa rangi ya kijani.

Kwa nini diski ya aina hii hufa kidogo kidogo? Ndani yake mna sahani za alumini au za kioo zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozungushwa na mota mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na tabaka jembamba la hewa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ya kwanza ya namna hii, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5. Ukubwa tunaoufurahia leo umepatikana kwa sehemu kubwa kwa kukisogeza kichwa karibu zaidi na kuzibana alama za sumaku. Kichwa kikigusa utando hukwangua, na chembe zinazotoka hapo huenda kukwangua mahali pengine. Ndiyo maana jeraha dogo haliponi, bali hutanuka kila saa ambayo diski inaendelea kuzunguka.

Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa kama hilo. Upande wa pili wa utafiti huo hutajwa mara chache, nami nauona una uzito zaidi: zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika SMART, ukiacha joto. Kwa maneno mengine, dalili ikitokea iamini mara moja, lakini ukimya wa diski usiuchukue kuwa ushahidi wa uzima.

Baada ya kuona namba ikipanda, nilizima kompyuta kwa utaratibu na sikuiwasha tena kwa kutumia diski ile. Kila dakika ya diski inayokufa ina thamani, na mfumo endeshi huitumia ovyo kwa kuandika kumbukumbu zake, kusasisha programu na kupekua faili ili zitafutike haraka. Sikuendesha chkdsk ya Windows wala programu yoyote inayodai kurekebisha, kwa sababu programu hizo hurekebisha mpangilio wa faili kwa kuandika juu ya diski yenyewe, na pale ambapo sekta hazisomeki zinaweza kukata faili vipande au kuzifuta. Niliifungua kompyuta, nikaiunganisha diski moja kwa moja kwa waya wa SATA kwenye mashine nyingine yenye Linux, nikanakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz.

Ubora wa ddrescue uko katika mpangilio wake wa kazi. Hunakili kwanza sehemu zilizo rahisi kusomeka, huparuka palipo pagumu bila kung'ang'ania, na huandika katika faili ya ramani palipookolewa na palipobaki. Sehemu kubwa ikishaokolewa ndipo hurudi kwenye vidonda, hujaribu kuvisoma kutoka upande wa pili, kisha hukwangua sekta moja moja. Kazi ikikatika, huendelea kutoka ilipoishia kwa kufuata ramani. Kunakili kwa kawaida hufanya kinyume: hufika kwenye sekta mbovu ya kwanza, huhangaika hapo hapo, na diski hufa huku robo tatu ya data zilizokuwa salama hazijaguswa. Yeyote anayetunza data za watu ningemshauri ajifunze programu hiyo kwenye diski isiyo na hitilafu kabla hajaihitaji, na hasa azoee kukagua mara mbili ipi ni diski ya kusomwa na ipi ni ya kuandikwa, kwa sababu amri ikigeuzwa hufuta kile kilichokusudiwa kuokolewa.

Takriban data zote zilitoka. Sehemu ndogo ambazo hazikusomeka ziliachwa tupu katika nakala mpya, na hapo ndipo nilipoona hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha: faili iliyopoteza kipande huonekana nzima. Jina lipo, ukubwa upo, na sauti hucheza vizuri hadi pale penye pengo. Kilichoniwezesha kuzitambua faili zilizojeruhiwa ni orodha ya SHA-256 ninayoitengeneza kila ninapofunga mradi. SHA-256 ni hesabu inayoisoma faili yote na kutoa mfuatano mmoja wa herufi na tarakimu. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, mfuatano huo hubadilika wote. Niliipiga hesabu upya juu ya nakala iliyookolewa, nikalinganisha na orodha, nikapata zile chache zisizolingana, na hizo nikazichukua kutoka kwenye nakala rudufu. Bila orodha hiyo ningelazimika kusikiliza kila kitu kwa masikio yangu.

Si kila diski ya sahani hutoa nafasi kama hiyo. Diski inayotoa mlio wa kugonga kwa mpigo mmoja, kichwa kikienda na kurudi bila kupata njia yake, inapaswa kukatiwa umeme papo hapo, na kama data zake hazina nakala, basi ni kazi ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi. Wapo wanaoshauri kuiweka diski kwenye friza. Unyevu huganda kwenye sahani, na huo ni mwisho wake. Wapo pia wanaoshauri kubadilisha bodi ya elektroniki kwa ile ya diski ya modeli ile ile. Ushauri huo ulifanya kazi zamani, lakini diski za sasa huhifadhi katika chipu ya bodi vipimo vinavyoihusu diski hiyo moja pekee, na bodi ngeni bila kuhamishiwa chipu hiyo haitaielewa.

SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, ina kifo tofauti kabisa. Mwenzangu mmoja katika kazi alifunga kompyuta yake mpakato jioni ikiwa salama, na alipoiwasha asubuhi ikamwambia kwamba haina diski. Hapakuwa na kukawia, hapakuwa na mlio, wala hapakuwa na mstari wa SMART uliopanda. Nililiunganisha lile bamba dogo kwenye mashine nyingine, na mashine hiyo nayo haikuliona. Alikuwa amelichagua kwa sababu halina kitu kinachozunguka, na ni kweli kwamba SSD huvumilia kutikiswa na kuanguka kuliko diski ya sahani. Hata hivyo, kutokuwa na mota hakumaanishi kutokufa. Data katika SSD hukaa kama chaji ya umeme ndani ya seli, na mahali ilipo kila sehemu ya data huhamahama kila wakati ili seli zichakae kwa usawa. Anayejua ramani ya uhamaji huo ni chipu moja ya udhibiti pamoja na programu yake ya ndani. Chipu hiyo ikifa au programu yake ikichanganyikiwa, seli zote zinaweza kuwa zima na data zisipatikane, tena mara nyingi zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo uliokuwa ndani ya chipu hiyo hiyo.

Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya nayo ni ngumu kuirejesha kwenye SSD. Katika diski ya sahani, kufuta huondoa jina tu na data hubaki hadi zitakapoandikwa juu, na programu kama PhotoRec huweza kuziokota. Katika SSD, mfumo endeshi hutuma amri ya TRIM inayoiambia diski kwamba sehemu hizo hazihitajiki, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Aidha, chaji ndani ya seli huvuja polepole diski ikikaa bila umeme. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya elektroniki, kwa SSD za watumiaji wa kawaida hudai kwamba diski iliyokwisha kutumika hadi kikomo cha uandishi wake ishike data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi joto 30 za Selsiasi. SSD mpya hushika kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini mimi siitumii SSD kama chombo cha kufungiwa kabatini. Naitumia kwa mfumo endeshi na kwa miradi inayoendelea, mahali ambapo kasi yake ni msaada wa kweli, nikijua kwamba itakapoondoka haitaaga.

Flashi na kadi za kumbukumbu nitazipitia haraka, kwa kuwa ninaziona kuwa vyombo vya kubebea, si vya kuhifadhia. Jambo moja tu linastahili kutajwa: zipo zinazouzwa zikiwa zimedanganya ukubwa wao. Chipu yake hutangaza terabaiti kadhaa ilhali seli zilizomo ni gigabaiti chache, na faili zinazozidi hapo huandikwa juu ya zilizotangulia au hupotea bila onyo. Kabla ya kuweka chochote kwenye flashi, kadi au diski ya nje niliyoinunua, huijaza yote kwa H2testw au F3 na kuisoma tena. Kipimo hicho huchukua saa nyingi kwa diski kubwa, na bado sijawahi kuona sababu ya kukiruka.

Katika kuchagua, maandishi ya watengenezaji yanahitaji kusomwa kwa makini. Diski inayoandikiwa kwamba wastani wa muda wake kabla ya kuharibika ni saa 1,000,000 haitaishi miaka 114. Namba hiyo inahusu kundi kubwa la diski zikiwa bado katika umri wa kazi, na maana yake ni kwamba katika kila diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, takriban 9 zitakufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo imekuwa ikikusanya takwimu za diski zake tangu 2013 na kuziweka wazi kwa umma, ilipata kiwango cha jumla cha kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka katika miaka ya 2021 hadi 2024. Nimezisoma takwimu hizo kwa muda mrefu, na kinachonivutia si kampuni gani inaongoza, bali jinsi modeli mbili za mtengenezaji mmoja zinavyoweza kutofautiana sana. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kampuni fulani ni mbaya kwa sababu diski yake moja ilikufa, ninamhurumia kwa hasara yake lakini siuchukui kuwa ushauri.

Udhamini wa miaka 5 badala ya 2 huniambia kitu kuhusu imani ya mtengenezaji, na nikiweza huuchagua, ila ni ahadi ya kupewa diski nyingine, na ndani ya hiyo nyingine hamna sauti hata moja niliyorekodi. Huangalia pia kama diski inaandika kwa mtindo wa SMR, ambapo mistari ya sumaku hupandana kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke. Mtindo huo hauna ubaya kwa nakala inayoandikwa mara moja na kusomwa mara chache, lakini kuandika upya hapa na pale huipunguzia kasi mno, na katika kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, linalojijenga upya baada ya diski moja kufa, unaweza kurefusha kazi hiyo hadi kundi likaiona diski kuwa mbovu. Kwa upande wa SSD, hutafuta kiwango cha jumla cha uandishi kinachodhaminiwa, huandikwa TBW, na hupendelea seli za biti 3 kuliko za biti 4 pale ambapo uandishi ni mwingi.

RAID yenyewe ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na ni wazo zuri sana kwa lengo lake, yaani kazi isisimame diski moja inapokufa. Nimeitumia kwa furaha. Lakini faili ikifutwa, hufutwa kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Programu hasidi ikifunga faili ili kudai fidia, huzifunga zote. Na diski zilizonunuliwa pamoja kutoka toleo moja, zikafanya kazi saa zile zile, huweza kufa zikifuatana. Kwa sababu hiyo hununua diski za nakala rudufu kwa nyakati tofauti na za modeli tofauti. Folda zinazolandanishwa na wingu zina upungufu ule ule, isipokuwa pale huduma inapotunza matoleo ya zamani ya faili kwa muda wa kutosha.

Mpango ninaoufuata ni ule wa tatu, mbili, moja, ulioenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja ikae mbali na nyingine. Kwangu, mradi unaoendelea uko kwenye SSD, nakala ya pili iko kwenye diski ya sahani inayounganishwa wakati wa kunakili tu na kuchomolewa, na ya tatu iko kwenye wingu ikiwa imesimbwa kabla ya kutoka kwenye kompyuta. Vyombo hivyo havifi kwa namna moja, na ndiyo sababu ya kuvichanganya. Hata hivyo mpango ulioandikwa si nakala. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu, alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu, na ilipofika saa ya kurejesha, kampuni ikagundua kwamba njia zake tano za kutunza nakala hazikuwa zikifanya kazi inavyopaswa au hazikuwa zimewekwa kabisa. Ilipoteza data za takriban saa 6, na iliokolewa na nakala ambayo ilikuwa imechukuliwa kwa mkono. Waliieleza habari hiyo hadharani kwa uaminifu mkubwa, nami ninawashukuru. Tangu nilipoisoma, hurejesha mradi mmoja wa zamani mara kwa mara kwenye kompyuta isiyo na kitu, nikapiga hesabu ya SHA-256 na kulinganisha.

Diski ya sahani ikishafanya kazi kwa takriban miaka 5, huitoa kwenye kazi ya kila siku hata kama SMART haina la kusema, nikaipa nafasi ya nakala ya ziada. Ikifika wakati wa kuiondoa kabisa, huandika sifuri juu yake yote. Kwa SSD njia hiyo haitoshi, kwa kuwa zipo seli za akiba ambazo mfumo endeshi hauzifikii. Hutumia amri ya ufutaji salama iliyomo ndani ya diski yenyewe, kisha huisoma kuhakikisha hapajabaki kitu.